Vifuniko vinavyovuja: shajara ya mradi wa ubora kwenye laini ya chupa

Shajara hii ni ya yeyote mwenye laini ya kujaza chupa na stoo inayolalamika kwamba katoni zinalowa. Bidhaa ni sabuni ya maji, chupa ya nusu lita, kifuniko cha kuzungusha cha milimita 28. Mashine ya kufunga ina vichwa vinane, kila kimoja na klachi yake ya sumaku, inayoachia kifuniko kikishakazwa kwa nguvu iliyowekwa. Gharama nimeziandika kwa saa za mashine kusimama, chupa zilizotupwa na watu walioondolewa kwenye kazi nyingine, ili kila anayesoma apige hesabu kwa viwango vya kwake. Vikao na fomu nitaviruka, isipokuwa palipotokea jambo.

5 Februari: Hali tuliyoikuta

Stoo walifungua paleti na kukagua chupa 2,000. Zilizovuja zilikuwa 31. Kwa anayeangalia asilimia hazitishi, lakini chupa moja inayovuja hulowesha katoni nzima, na katoni iliyolowa ikiwa safu ya chini hulegea na kuinamisha zote zilizo juu yake.

Nimekabidhiwa mradi huu nikiwa mratibu wa uboreshaji endelevu, nafasi ambayo hadi sasa ilikuwa ya mainjinia wa uzalishaji. Mimi nimetokea meza ya ukaguzi. Miaka ya mwanzo nilikaa mwisho wa laini nikichambua mbovu na nzima, nikaenda maabara, kisha ukaguzi wa ndani wa ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Kazi ya mwisho wa laini inanoa macho, ila haipunguzi mbovu hata moja. Unazitenga tu, na kesho zinakuja nyingine. Ndiyo sababu hasa niliomba nafasi hii.

Kwenye kikao cha kwanza jibu lilikuwa limeshapatikana kabla sijafungua daftari. Utaratibu wetu ni kwamba kila nusu saa mkaguzi anachukua chupa na kuifungua juu ya kipimo, anaandika nguvu iliyohitajika kufungua. Kiwango ni kati ya 0.8 na 1.5 Nm (nyutoni-mita, kizio cha nguvu ya kuzungusha). Zamu ya mchana, ambayo wakaguzi wake watatu ni wanawake, ina wastani wa 0.9 na namba kadhaa chini ya 0.8. Zamu ya usiku ni wanaume watupu, wastani wao ni 1.2, na hakuna hata namba moja iliyotoka nje ya kiwango. Mashine ni ileile, vifuniko ni vilevile. Msimamizi mmoja akahitimisha kwamba akina dada wana mikono laini, hivyo namba zao si za kutegemea, na vifuniko havina tatizo. Tatizo liko kwenye chupa. Pendekezo likaingia kwenye muhtasari: wakaguzi wa mchana wahamishiwe kufungasha, meza ya kipimo ipewe wenye nguvu.

Hoja hiyo haisimami hata kabla ya kupima chochote. Kifuniko kikifunguka kimefunguka, na kipimo kinaonyesha nguvu ambayo kifuniko kilidai, si nguvu aliyonayo mfunguaji. Angekuwa mnyonge kweli asingefungua kabisa. Hata hivyo tofauti kati ya zamu ilikuwepo kwenye karatasi na ilihitaji maelezo. Niliomba uhamisho usubiri hadi kipimo chenyewe kipimwe. Nimepewa hadi katikati ya Machi.

12 Februari: "Kaza zote"

Uzalishaji hawakusubiri. Mwishoni mwa wiki vichwa vyote vinane viliongezwa nguvu ya kukaza, kutoka karibu 1.6 Nm hadi zaidi ya 2. Kwa kifuniko cha milimita 28, 1.6 iko pale inapopendekezwa na watengenezaji wengi wa vifuniko, kwa hiyo tulikuwa tunaondoka mahali pazuri kwenda pabaya.

Siku za kwanza uvujaji ulipungua na pongezi zikagawanywa. Kisha stoo wakapiga simu: sasa vifuniko vinapasuka. Nilichukua kimoja nikakielekeza kwenye taa. Kwenye kona ambapo paa la kifuniko linakutana na ubavu kulikuwa na mstari mweupe mwembamba kama unywele, unazunguka robo ya kifuniko. Ukikibonyeza kidogo, mstari unafunguka na tone la sabuni linachungulia.

Vifuniko vyetu ni vya plastiki ya polietilini, na polietilini ina udhaifu unaojulikana: ikivutwa muda mrefu huku imeguswa na sabuni, hupasuka kwa nguvu ndogo kuliko ambayo ingeihimili ikiwa kavu. Kipimo cha ASTM D1693, kimoja cha viwango vya Marekani vya kupima plastiki, kimejengwa juu ya udhaifu huohuo. Vipande vya polietilini hutiwa mkato, hupindwa na kutumbukizwa kwenye kemikali ya jamii ya sabuni, kisha huangaliwa vitapasuka baada ya muda gani. Sisi tulikuwa tunafanya jaribio hilo ndani ya katoni, kwa bidhaa nzima.

Gharama: chupa 4,600 zilizuiwa, zikafunguliwa na kufungwa upya kwa mkono kwa vifuniko vipya. Watu sita, zamu mbili. Vichwa vimerudishwa vilipokuwa. Anayeiga mradi huu aanzie hapa: ukiwa na bidhaa ya sabuni, kukaza zaidi si dawa ya kuvuja.

20 Februari: Kukipima kipimo

Kawaida ukitaka kujua kama kipimo kinaaminika, watu kadhaa hupima vitu vilevile mara kadhaa bila kujua namba za wenzao. Kifuniko kinakataa utaratibu huo. Ukishakifungua, ile hali ya kwanza imekwisha. Hakuna wa pili atakayekipima.

Njia iliyopo ni kutumia chupa zinazofanana kadiri iwezekanavyo na kuzihesabu kama kitu kimoja. Jaribio la kwanza lilichukua chupa za mfululizo kutoka kwenye mkanda, na matokeo yake hayakufaa kitu, kwa sababu chupa za mfululizo zimetoka vichwa tofauti. Safari ya pili fundi mitambo alipaka rangi kichwa kimoja, tukaokota kila chupa ya nane, zote za kichwa hicho, ndani ya dakika chache. Tukarudia kwa vichwa vingine. Chupa zikapewa namba za siri na kugawiwa wakaguzi sita, watatu wa mchana na watatu wa usiku.

Matokeo: mtawanyiko wa upimaji wenyewe ulikuwa sawa na karibu asilimia 48 ya mtawanyiko wote tuliouona. Mwongozo unaotumiwa na viwanda vya magari unasema chini ya asilimia 10 ni kizuri, kati ya 10 na 30 inategemea kazi, juu ya 30 hakifai. Kwa chupa za kufunguliwa mara moja ni lazima ukubali namba iwe kubwa kidogo, maana tofauti ndogo za chupa zenyewe zinaingia humohumo. Lakini 48 haina utetezi. Ugomvi wote wa mchana na usiku ulisimama juu ya kifaa ambacho hakikuweza kuamua.

Namba zilionyesha kuna tatizo. Sababu ilibidi itafutwe kwa macho. Nilikaa usiku mmoja nikitazama mikono. Mkaguzi mmoja mwenye kiganja kipana alikifunika kifuniko chote kwa kiganja, akakibana, akakizungusha kwa mshtuko. Nilimwomba abane tu asizungushe, nikainama usawa wa meza. Kifuniko kilikuwa kimeacha kuwa duara. Ubavu wake ulikuwa umebonyea na kuzing'ang'ania nyuzi za shingo ya chupa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tulichukua chupa za kichwa kimoja, mtu yuleyule akafungua nusu kwa ncha za vidole na nusu kwa kiganja. Za kiganja zilisoma juu kwa takriban 0.3 Nm. Nguvu ya mkono ilikuwa inajiandika kwenye kipimo kama nguvu ya kifuniko. Vifuniko vilivyolegea vilikuwa vinapita usiku kucha vikiwa na namba nzuri, na wakaguzi wa mchana, ambao kwa kawaida walitumia vidole, walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Kwa haki, mchana nao hawakuwa safi kabisa. Meza iko juu mno kwa wawili wao, viwiko vinapanda hadi mabegani na mkono unazunguka kwa kuruka. Na kipimo hakikufungwa kwa bolti. Kilikuwa kinateleza mezani kila mtu akifungua.

4 Machi: Kishikio

Kazi ya karakana: kishikio cha kuzungushia kifuniko bila kukibana. Rahisi kuielezea, ngumu kuipata sawa. Kishikio cha kwanza kilikuwa kikombe cha alumini kilichobandikwa mpira ndani. Kilishika vizuri mno, yaani kilibana kifuniko kilekile tulichotaka kukikomboa, na namba zikabaki juu. Kiligharimu nusu siku ya fundi wa mashine ya kukerezea na sasa kinashikilia mlango wa maabara.

Cha pili ni cha nailoni, kipana kidogo kuliko kifuniko, chenye mifereji ndani inayoingiana na mistari ya ubavu wa kifuniko. Hakibani kitu. Kinasukuma mistari pembeni na kifuniko kinabaki duara. Juu kina mkono wa kuzungushia, kwa hiyo ukubwa wa kiganja hauna kazi tena. Tengenezeni viwili tangu mwanzo, maana kimoja kitaanguka.

Mengine yaliyofanyika siku hiyohiyo: kipimo kimefungwa kwa bolti, chini pamewekwa jukwaa la mbao la kusimamia kwa wanaolihitaji, na mwendo umewekewa kanuni ya robo mzunguko kwa hesabu ya "moja, mbili", bila mshtuko. Muda wa kupima nao umeandikwa. Plastiki hulegea yenyewe baada ya kukazwa, hivyo chupa iliyopimwa papo hapo na iliyolala hadi kesho hazilingani. Sisi tunapima baada ya dakika tano, sampuli chache zinalala saa 24.

Tukarudia jaribio la wakaguzi sita. Asilimia 17. Sikuhangaika kuishusha zaidi, kwa kazi ya kutofautisha kichwa kilicholegea na kilicho sawa inatosha.

Wastani wa usiku umeshuka hadi 0.9, sawasawa na mchana. Kama nilivyotarajia, swali la kwanza kikaoni lilikuwa kama kipimo kimeharibika. Tulikuwa tumejiandaa. Funga upau kwenye kipimo, ning'iniza uzito wa kilo moja sentimita 10 kutoka katikati, kisome. Hesabu inatoa 0.98 Nm, na kipimo kilisoma 0.98 mbele ya watu wote. Jaribio hili halihitaji kifaa cha mtu wa nje, linachukua dakika mbili, na tangu siku hiyo linafanywa kila mwanzo wa zamu.

Pendekezo la kuhamisha wakaguzi limefutwa. Niliomba lifutwe kwa maandishi, kwenye muhtasari wa kikao, kama lilivyoandikwa. Aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua neno la mdomo hufa kikao kikiisha, ila muhtasari unabaki kwenye faili lako hadi siku ya kupandishwa cheo.

18 Machi: Chati iliyopendeza kupita kiasi

Baada ya kupata kipimo cha kuaminika tulianza chati ya udhibiti, yaani mchoro wa vipimo wenye mstari wa kati na mipaka juu na chini. Wazo lenyewe ni la Mmarekani Walter Shewhart, aliyelichora kwa mara ya kwanza mwaka 1924: kila mchakato una mtikisiko wake wa kawaida, na chati inakuonyesha ni lini kimeingia kitu kisicho cha kawaida. Kanuni za kuisoma ambazo viwanda vingi bado vinatumia zilitoka kwenye kitabu cha mafunzo cha Western Electric, kampuni ya Marekani ya vifaa vya simu, cha mwaka 1956, na kamati iliyokiandika iliongozwa na mwanamke, Bonnie Small. Nimewaeleza hilo wakaguzi wangu, sikulifanyia hotuba.

Kila nusu saa tulichukua chupa nane mfululizo, moja kutoka kila kichwa, tukachora wastani. Nukta zikajipanga katikati ya chati, zinagusana na mstari wa kati, hakuna inayokaribia mipaka. Meneja alifurahi akaagiza ichapishwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Sikuipenda. Mchakato halisi hautulii hivyo. Mojawapo ya kanuni hizo inasema nukta 15 mfululizo zikikaa kwenye theluthi ya ndani, jirani na mstari wa kati, usifurahi. Kuna vitu visivyofanana vimechanganywa ndani ya sampuli moja. Kwetu ilikuwa wazi ukishaitafuta. Kila sampuli ina chupa ya kichwa kilichokaza sana na ya kichwa kilicholegea. Zinafutana kwenye wastani, ndiyo maana nukta hazisogei. Na kwa kuwa mipaka inahesabiwa kutokana na tofauti za ndani ya sampuli, tofauti hizo kubwa zinaisukuma mipaka mbali. Chati inakuwa pana na tulivu, huku vichwa vilivyolegea vinaendelea kutoa chupa zinazovuja.

Tulitenganisha. Chati ndogo kwa kila kichwa, karatasi moja, mistari minane. Ndani ya siku mbili picha ilijitokeza: namba 3 na namba 6 ziko chini, 6 zaidi, namba 1 iko juu kupita wenzake, vitano vilivyobaki viko vizuri. Hakuna mashine iliyofunguliwa wala mpira uliobadilishwa hadi hapo. Chati ya ubaoni imeshushwa.

Gharama: sampuli zimeongezeka, karibu saa moja zaidi ya mkaguzi kwa kila zamu, na chupa zote zilizofunguliwa hurudishwa kufungwa kwa kifuniko kipya. Usitumie kifuniko kilichokwisha kufunguliwa.

2 Aprili: Ndani ya vichwa

Mashine ilisimama saa tano. Fundi mkuu ni mtu mzima, anaijua mashine hii kuliko aliyeiuza. Aliponiona napanda akasema, "Mama, shuka, utachafuka. Nitakuambia nilichokiona." Nikamjibu, "Mzee, ukiniambia nitakuandika wewe. Nikiona nitaandika kitu chenyewe." Akanipa tochi.

Namba 3: mpira wa ndani unaoshika kifuniko umelika hadi unang'aa; kichwa kinazunguka na kifuniko kinateleza ndani yake. Namba 6: beringi imekauka, na klachi imeganda utando mgumu wa sabuni iliyopanda kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ukiizungusha kwa mkono inashika, inaachia, inashika tena. Namba 1: chini ya springi kuna kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi. Hakuna aliyekumbuka kukiweka. Pengine mtu aliwahi kuona vifuniko vimelegea, akakaza kichwa kilichokuwa karibu naye.

Mpira ulikuwepo stoo, bati likatoka. Beringi ya namba 6 haikuwepo na ilichukua zaidi ya wiki mbili kufika. Kwa muda huo chupa zote za namba 6 zilichepushwa pembeni na mtu mmoja kwa kila zamu alizikaza kwa mkono. Kama unaiga, agiza beringi na mipira ya vichwa vyote kabla ya kufungua chochote. Spea za vichwa vinane zinakaa kwenye boksi dogo; mtu mmoja kwa zamu, wiki mbili, hakai kwenye boksi.

Jambo la pembeni linalohusu walio kwenye njia kama yangu. Glovu za karakana zilikuwa saizi moja, kubwa. Nikizivaa siwezi kushika nati, nikizivua navunja kanuni ya usalama. Niliziombea saizi ndogo kupitia fomu ya kasoro za usalama badala ya kuomba kama upendeleo, na zilikuja haraka. Hata kwenye kazi ya kushika nati, mwanamke anayekaa ofisini akisubiri ripoti ya fundi atabaki kuwa mtu wa ripoti. Sheria yangu ni kwamba sisaini chanzo cha tatizo ambacho sijakiona kwa macho.

24 Aprili: Povu

Baada ya beringi mpya stoo walikagua tena chupa 2,000. Zilizovuja ni 9. Uzalishaji walitaka kufunga mradi. Nikaomba chupa 9 ziletwe mezani pamoja na saa zilizochapwa juu yake. Saba kati yake zilitoka saa ya kwanza baada ya kubadilisha saizi ya chupa, au wakati laini inakimbia kwa kasi ya juu kabisa.

Za kasi ya juu zilikuwa na alama moja: nyuzi za shingo zilikuwa na sabuni. Mwisho wa kujaza sabuni hutoa povu, povu hupanda, hugusa nyuzi, na sabuni ni kilainishi. Klachi inaachia kwenye nguvu ileile, lakini kifuniko kinakaa kwenye nyuzi zinazoteleza, na hapo kinarudi nyuma kwa urahisi.

Kwanza tuliweka pua ya hewa ipulize povu kabla ya kufunga. Povu liliondoka kwenye shingo likahamia kwenye ubavu wa chupa, lebo zikaanza kubanduka. Chupa 340 zimetupwa, pua imetolewa.

Kisha tulipunguza kasi ya laini nzima, kutoka chupa 120 kwa dakika hadi 108. Povu likaisha, na msimamizi wa uzalishaji naye akaishiwa uvumilivu. Nilimwelewa, chupa 12 kwa dakika ni 720 kwa saa, na yeye anapimwa kwa namba hiyo. Vita vya ubora na uzalishaji huzuka hapa, na mara nyingi mtu wa ubora hushinda hoja akapoteza laini: kasi inashushwa mchana akiwepo, inapandishwa usiku akiondoka.

Kilichofaa ni wazo la mwendesha mashine wa kujaza, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. Povu hutokea sehemu ya mwisho ya kujaza, kwa hiyo hakuna haja ya kupunguza mwanzo. Tulipanga pua zishuke ndani zaidi mwanzoni, zijaze kwa kasi, kisha zipunguze karibu na shingo. Sili za pua zilizokuwa zinadondosha zikabadilishwa. Laini iko 117 kwa dakika na nyuzi ni kavu. Jina la mwendesha mashine liko kwenye ripoti, mstari wa kwanza.

15 Mei: Wino mmoja

Ilibaki saa ya kwanza baada ya kubadilisha saizi. Chupa ya lita moja ni ndefu, vichwa hupandishwa, kisha hurudishwa chini kwa chupa ya nusu lita. Urefu ulipimwa kwa rula, na milimita moja juu inatosha kukifanya kichwa kisikae sawasawa.

Idara iliandaa karatasi ya ukaguzi yenye vipengele 14 vya kuwekewa tiki. Baada ya wiki nilizikusanya. Tiki zote 14 kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, mwinamo mmoja, kwenye kila karatasi. Zilikuwa zinajazwa mwisho wa zamu, kwa mkupuo. Watu wenyewe si wavivu. Mtu anayebadilisha saizi ana glovu zenye sabuni na laini nzima inamsubiri. Kalamu ni kitu cha mwisho anachokifikiria.

Karatasi imefutwa. Karakana imetengeneza vipande viwili vya nailoni vya kuwekwa chini ya kichwa wakati wa kushusha, cha buluu kwa nusu lita, cha njano kwa lita. Kichwa kinashushwa hadi kikigusa, basi. Hakuna kusoma rula. Sehemu ya kuvihifadhia iko kwenye kifuniko cha usalama cha mashine, na kipande kikiwa hakijarudishwa mahali pake kifuniko hakifungi, mashine haiwaki. Kazi ilichukua siku moja ya karakana na swichi moja. Kubadilisha saizi nako kumekuwa kufupi, jambo ambalo hatukulilenga.

17 Juni: Makabidhiano

Ukaguzi wa stoo: chupa 2,000, zilizovuja 2. Zote mbili zina kasoro ya shingo, kishungi kidogo cha plastiki kilichobaki kwenye mdomo wa chupa. Hilo ni la msambazaji wa chupa, na mazungumzo naye yameanzishwa kama kazi ya peke yake. Sitaki liingizwe humu na kuuchelewesha mradi huu kufungwa.

Jumla ya gharama kubwa: bechi la chupa 4,600 lililofungwa upya, chupa 340 zilizotupwa kwa sababu ya hewa, mashine kusimama saa tano kwa vichwa na saa tatu kwa pua za kujazia, mtu mmoja kwa zamu kwa zaidi ya wiki mbili akikaza kwa mkono, na kazi ya karakana isiyozidi siku nne. Ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ilitokana na "kaza zote" na kusubiri beringi. Anayeanza na kipimo na spea ataikwepa.

Kwa upande wa watu: chati za vichwa sasa ziko chini ya mmoja wa wakaguzi watatu wa mchana, walewale waliokuwa waende kufungasha. Amekaa wiki mbili na zamu ya usiku akiwafundisha kishikio na kusoma mistari minane. Siku ya kwanza mmoja alimuuliza kama ana nguvu ya kufungua chupa zote hizo. Akamkabidhi uzito wa kilo moja na upau, akamwambia, "Kaka, tuanze na hiki." Nimempendekeza kwa mafunzo ya takwimu za ubora, na kwenye fomu nimeambatisha chati zake badala ya sifa. Nafasi yangu nayo imethibitishwa. Mradi unaofuata ni uzito wa kujaza, na shajara yake itakuwa peke yake.

26 Juni: Nyongeza

Kichwa namba 6 kinashuka tena, polepole. Bado kiko ndani ya kiwango, stoo hawana lalamiko, hakuna chupa iliyovuja. Nukta ya nane mfululizo chini ya mstari wa kati imetoka leo saa nne asubuhi, na kwa kanuni tunazotumia nane zinatosha kuchukua hatua. Mzee anashuku sabuni imepata njia nyingine ya kupanda kwenye klachi. Beringi ipo stoo. Kinafunguliwa Jumamosi, laini ikiwa imesimama kwa usafi, na mkaguzi wa chati atakuwepo na tochi yake.